Pankeki ndogo za matunda na machungwa: adui yangu alikuwa maji

Pankeki kubwa huwa na huruma. Upande mmoja ukiungua kidogo na wa pili ukibaki mweupe, unaikata, unaipaka asali, inalika. Hizi ndogo za upana wa vidole vitatu, zenye vipande vya matunda ndani na harufu ya chungwa au limau, hazikupi nafasi hiyo. Ukingo unakauka upesi, katikati panabaki na tunda linalovuja, na ukizubaa kidogo unapata kitu kilichoungua nje na kibichi ndani. Nimezipika kwa muda sasa, tangu zile zilizoishia kwenye ndoo ya taka hadi hizi zinazogombaniwa mezani, na nikiangalia nyuma karibu kila shida ilitokana na maji: maji ya tunda, maji ya limau, mvuke uliokosa pa kutokea.

Nilizianza kwa sababu ya watu wawili. Binti yetu mdogo alikuwa amefika umri wa kukataa matunda. Ukimpa kipande cha embe anakitazama, anakirudisha sahanini, anaomba mkate. Wakati huohuo mama mkwe alikuwa amekuja kukaa nasi baada ya kuugua, hamu ya chakula imempotea, sahani iliyojaa inamchosha kabla hajaigusa. Nikawaza kitu kidogo cha kushika kwa vidole, laini, chenye uchachu kidogo wa kuamsha ulimi. Mke wangu huondoka alfajiri kwenda kazini, kwa hiyo asubuhi jiko lilikuwa mikononi mwangu, nami upishi wangu hadi hapo ulikuwa wa chai na mayai.

Mtu akiambiwa pankeki ya chungwa, wazo la kwanza ni kukamua. Nami nilikamua. Nilipunguza maziwa kwa nusu, nikatia maji ya chungwa, nikaongeza ya limau ili ladha ikolee, kisha nikaacha rojo lipumzike kama inavyoelekezwa kwa pankeki za kawaida. Bakulini mapovu yalipanda, yakapasuka, yakapanda tena, nikafurahi nikidhani mambo yamenyooka. Kikaangoni hakikupanda kitu. Zilitoka bapa, nzito, nyeupe, zinanata kwenye meno. Mama mkwe alitafuna moja kwa adabu, akanywa chai, akaniuliza: “Mwanangu, hii ni pankeki ya limau au ya dua? Maana limau silisikii.”

Alikuwa na haki, na sababu zipo mbili. Ya kwanza ni bekingi pauda. Hiyo ni soda ya kuokea iliyochanganywa na tindikali kavu, pamoja na wanga kidogo wa kunyonya unyevu ili vitu hivyo viwili visianze kazi ndani ya kopo. Ikilowa inaanza kutoa gesi ya kaboni dioksidi, na nyingi kati ya hizi za siku hizi hutoa gesi kwa awamu mbili, kwanza ikipata maji na kisha ikipata moto. Soda na tindikali yake vimekwisha kupimwa vitoshane. Ukimwagia maji ya limau, ambayo pH yake (kipimo cha tindikali: namba ikiwa ndogo, tindikali ni kali) ni kati ya 2 na 3, unavuruga mizani hiyo: sehemu kubwa ya gesi inatoka mapema, inaishia hewani, na kikaango kinapokea unga uliolowa tu. Tindikali hiyohiyo huchelewesha pankeki kupata rangi ya kahawia, ndiyo maana zangu zilibaki nyeupe, na nilipoongeza moto kuzilazimisha ziive rangi, kingo ziliungua kabla ya katikati.

(Huwa namkumbuka Alfred Bird, mkemia wa Birmingham, Uingereza, kila nifunguapo kopo hilo. Alitengeneza bekingi pauda yake mwaka 1843 kwa sababu mkewe hakupatana na hamira wala mayai. Mtu mmoja nyumbani hali vizuri, mwingine anahangaika jikoni. Namwelewa sana.)

Sababu ya pili ni kwamba nilikuwa natafuta harufu mahali isipokaa. Maji ya chungwa yana utamu na uchachu, lakini ile harufu inayojaza nyumba unapomenya tunda inatoka kwenye ganda, katika vifuko vidogo vya mafuta unavyoviona kama vidoti. Kukamua tunda na kutupa ganda ni kutupa kile ulichokuwa unakitaka.

Siku hizi kanuni yangu ni ganda ndani, maji nje. Natia ganda lililokwanguliwa ndani ya rojo, na maji ya tunda nayamwagia pankeki ikiwa imekwisha kuiva. Siku nikitaka uchachu ndani ya pankeki yenyewe, natia kijiko kimoja cha chakula cha maji ya limau katika mililita 180 za maziwa na kuyaacha kama dakika 10 yagandegande. Kisha badala ya vijiko viwili vya chai vya bekingi pauda natumia kimoja, pamoja na robo kijiko cha chai cha soda ya kuokea. Kipimo hicho cha soda kinatosha kumaliza tindikali ya limau hilo, na pankeki hupanda vizuri sana, ila rojo la namna hii halingoji mtu: likishachanganywa linaingia kikaangoni. Soda usiipime kwa macho. Ikizidi, pankeki inakuwa na ladha ya sabuni na inapata rangi nyeusi upesi ikiwa ndani bado mbichi, na hakuna asali inayoificha ladha ile.

Kukwangua ganda kunaonekana kazi ya mtoto, lakini ndiyo sehemu inayoamua. Tunda lioshwe kwa maji ya uvuguvugu na brashi, kwa sababu machungwa na malimau mengi ya dukani hupakwa nta ili yang’ae na yasikauke. Likaushe. Likwangue kabla ya kulikata, kwani nusu ya limau iliyokwisha kukamuliwa inateleza na kujikunja mkononi hadi unajikwangua vidole. Tumia upande wa matundu madogo kabisa, pitisha mara moja au mbili kisha geuza tunda, ukome rangi inapoisha. Utando mweupe ulio chini ni mchungu, na uchungu wake hauishi kwa moto wala kwa sukari. Kikwangulio chenye matundu makubwa kitakuletea mweupe huo utake usitake. Kwa kifaa cha namna hiyo ni heri umenye ganda jembamba kwa kisu, ulikatekate pamoja na sukari mpaka liwe chenga. Chenza lina ganda laini linalokwepa kikwangulio, kwa hiyo liweke kwenye friza mpaka lishupae, ndipo ulikwangue.

Kabla ya kununua ninabonyeza ganda kwa ukucha na kunusa. Lisiponukia dukani halitanukia jikoni, hata liwe na rangi ya kupendeza namna gani.

Ganda likishapatikana usilitie kwenye rojo moja kwa moja. Litie kwenye sukari ya kipimo chako, usugue kwa ncha za vidole kwa dakika moja au mbili, mpaka sukari ilowe, ibadilike rangi kidogo na harufu ianze kukufikia bila kuinama. Punje za sukari zinapasua vile vifuko na kuyanyonya mafuta yake. Tofauti ya pankeki iliyofanyiwa hivi na ile ambayo haikufanyiwa inajulikana mtu akiwa chumba cha pili. Kwa unga wa gramu 150 natumia ganda la chungwa zima na la nusu limau. Ndimu lina harufu kali zaidi, nalipunguza.

Sasa matunda, ambako nilitumia muda mwingi zaidi na kupoteza mayai mengi zaidi.

Nilikuwa nawaza kwamba tunda ni tunda, unakata, unakoroga, unapika. Lakini nyama ya chungwa ina maji kama asilimia 87, ndizi mbivu kama asilimia 75, na tofauti hiyo inatosha kufanya moja ikae vizuri ndani ya pankeki na jingine liivuruge. Kipande cha chungwa kikipata joto vifuko vyake vinapasuka, vinamwaga maji katikati ya unga, na hapo panabaki shimo la uji usioiva hata ukipika mpaka nje pawe kahawia iliyokolea. Niliwahi kuzirudisha kikaangoni zile zile mara tatu. Ziliungua, uji ukabaki pale pale, nikazima moto nikatoka nje kupunga upepo kwanza. Vipande vya chungwa vinakaa juu ya pankeki, siyo ndani. Vikate kwa kisu chenye makali: ondoa ganda na utando wote mweupe, kisha pitisha kisu kando ya kila ukuta mwembamba ulio kati ya vipande, utoe nyama tupu. Vichuje, na maji yatakayochujika uyahifadhi kwa ajili ya mchuzi wa kumwagia.

Ndizi ndiyo rahisi kuliko yote na ndiyo ningemshauri mtu aanze nayo. Moja ya wastani iliyoiva hasa, yenye madoa, ipondwe kwa uma na kutiwa kwenye maziwa. Inaleta utamu wake, kwa hiyo punguza sukari kwa nusu na maziwa kwa vijiko vitatu vya chakula. Inapata rangi haraka, basi moto uwe mdogo kuliko kawaida. Ndizi mbili kwa kipimo hicho hicho zinaleta pankeki inayonata kooni. Kwa harufu, ndizi na limau vinapatana. Ndizi na chungwa, kwangu mimi, ni utamu juu ya utamu.

Embe liwe limeiva lakini bado gumu kidogo, lisilo na nyuzi, likatwe vipande vya ukubwa wa punje ya harage na kulazwa juu ya kitambaa safi ili yakauke maji. Embe lililolainika sana lipondwe liwe la kupaka juu. Tufaha bichi lililokatwa vipande vikubwa haliivi kwa muda wa pankeki ndogo. Ama likwangue na kulikamua kwa mkono, ama likate vipande vidogo kabisa na kuvilainisha kikaangoni na siagi kidogo na ganda la limau. Hizi za tufaha na limau ndizo mama mkwe alizokula akaomba nyingine, na katika nyumba yetu wakati ule lilikuwa jambo la kupigiwa simu.

Stroberi nakata robo na kukausha. Bluberi natia nzima kwa watu wazima. Zikiwa zimetoka kwenye friza siziyeyushi, kwa sababu zikiyeyuka zinaachia maji na rangi, rojo zima linageuka zambarau. Ukiona pankeki za bluberi zimetoka na mabaka ya kijani usidhani zimeharibika. Ile rangi ya zambarau hubadilika ikikutana na soda iliyozidi. Hazina madhara, lakini jaribu kumweleza hivyo mtoto wa miaka minne anayeitazama sahani.

Nanasi, papai na kiwi nimeyaacha mwisho kwa sababu yalinitoa jasho. Niliandaa rojo la nanasi usiku ili asubuhi nisihangaike. Asubuhi nilikuta limekuwa jepesi, maziwa yamekatika, na pankeki zilikuwa na uchungu ambao sikuelewa umetoka wapi, nanasi lenyewe likiwa tamu. Nilibadilisha maziwa, nikabadilisha unga, uchungu ukarudi. Kumbe nanasi lisilopikwa lina vimeng’enya vinavyokata protini, na papai na kiwi vivyo hivyo, hata papai hutumika kulainisha nyama kwa sababu hiyo hiyo. Vikikaa na maziwa na yai vinavichambua na kuacha ladha chungu. Joto huviua. Kwa hiyo nanasi likaushwe kwanza kikaangoni kwa dakika chache mpaka lianze kupata rangi, lipoe, ndipo likutane na rojo. Nanasi la kopo halina shida hiyo, limekwisha kupitia moto kiwandani.

Jambo lililobadilisha matokeo kuliko yote lilikuwa kuacha kabisa kukoroga matunda ndani ya rojo. Yakikorogwa yanavuja yakingoja zamu yake, yanazama chini ya bakuli, na pankeki za mwisho zinakuwa na matunda mengi huku za mwanzo hazina kitu. Sasa namimina rojo kikaangoni, napanga vipande vitatu au vinne juu ya kila moja, kisha nadondoshea rojo kidogo juu yake, robo kijiko hivi, kuyafunika. Yale matone ya juu yanazuia tunda lisiguse chuma ukigeuza, kwa maana sukari ya tunda ikigusa kikaango cha moto inaungua na kushika. Na kila mtu anapata idadi sawa, jambo ambalo binti yangu hulikagua.

Rojo lenyewe: unga wa ngano gramu 150, bekingi pauda vijiko viwili vya chai, chumvi robo kijiko cha chai, sukari vijiko viwili vya chakula iliyokwisha kusuguliwa na ganda, yai moja, maziwa mililita 180, siagi gramu 30 iliyoyeyushwa. Zinatoka ishirini na kitu. Unga nausisitiza upimwe kwa mizani, kwani kikombe kimoja ukikijaza kwa kijiko polepole kinabeba kama gramu 120, na ukikizamisha ndani ya mfuko kinaweza kufika 150. Kwa pankeki kubwa utasalimika. Kwa ndogo, gramu 30 zinatosha kuzifanya ngumu. Maziwa na yai visitoke baridini moja kwa moja, maana siagi itaganda vidongevidonge.

Chekecha vikavu, piga vya majimaji pembeni, kisha viunganishe na ukoroge mpaka usione unga mkavu, basi. Madonge madogo yaache, yatajimaliza yenyewe. Mimi nilikuwa nakoroga mpaka liwe laini linang’aa, na huko ndiko kukuza gluteni, ile protini ya unga inayovutika, inayofaa mkate na kuifanya pankeki iwe ya kuvuta kwa meno. Liache lipumzike dakika 10 (lile la limau na soda halimo). Baada ya hapo linakuwa zito zaidi, na mkono utawashwa kuongeza maziwa. Usiongeze. Pankeki ndogo inataka rojo zito kuliko kubwa, linalodondoka kijikoni kwa uvivu na kukaa pale lilipoangukia. Likiwa jepesi zinaungana kikaangoni, unaishia na pankeki moja yenye kona nyingi.

Kulamba kijiko kumepigwa marufuku kwetu, kulikuwa na machozi. Watu wengi huogopa yai bichi tu, lakini hata unga mbichi unaweza kubeba bakteria kama Salmonella na E. koli, kwa kuwa nafaka inatoka shambani na kusagwa bila kupikwa.

Kikaango kiwe kizito, kipate moto wa wastani wa chini kwa dakika kama tano kabla ya chochote. Nilikuwa napima kwa kunyunyizia maji nikiamini kwamba yakicheza, tayari. Kuna kucheza kwa namna mbili. Matone yakikaa na kuchemka taratibu, kikaango bado. Yakirukaruka na kukauka mara moja, ni wakati wake. Yakiviringika kama shanga bila kukauka, kikaango kimepitiliza: chini ya tone kumejitandika mvuke unaolibeba, jambo alilolieleza daktari Mjerumani Johann Gottlob Leidenfrost mwaka 1756. Mimi nilikuwa nangoja shanga, kisha nashangaa kwa nini pankeki inaungua ndani ya nusu dakika.

Siagi naitia ndani ya rojo, kikaangoni napaka mafuta kidogo na kuyafuta kwa kitambaa yabaki ya kung’arisha tu. Siagi ikiwa peke yake kwenye chuma cha moto, sehemu yake ya maziwa inaungua kabla ya pankeki ya tatu. Kila mara napika moja kwanza ya majaribio, naipasua katikati na kuangalia ndani. Inaokoa mayai na siagi, ambavyo ndivyo vinavyouma mfukoni katika kazi hii.

Kijiko kimoja cha chakula kinatoa pankeki ya upana wa sentimita sita au saba. Kidondoshee karibu na chuma, ncha ikiangalia chini, ili ienee duara. Waandishi wa mapishi husema geuza ukiona matundu juu, lakini zenye matunda hazitoi matundu mengi, maana tunda limekaa pale pale yanapotokea. Mimi naangalia ukingo: ukipoteza mng’ao na kuonekana mkavu kwa upana wa nusu ukucha, nageuza. Upande wa kwanza ni kama dakika mbili, wa pili moja. Usiibonyeze kwa mwiko. Sijui kwa nini mkono unapenda sana kubonyeza, lakini unachofanya ni kutoa gesi uliyoihangaikia tangu mwanzo. Kati ya awamu na awamu futa kikaango, mabaki ya sukari ya tunda yanaungua na kuzipaka zinazofuata madoa machungu.

Zikitoka, usizipange moja juu ya nyingine zikiwa za moto. Mvuke unazilowesha, na zile kingo za kukauka ulizozipata kwa taabu zinalegea zote. Zitandaze kwenye waya wa kupozea, na kama watu hawajafika mezani ziweke kwenye oveni ya nyuzi 90 hadi 100.

Kwa kumwagia, nachemsha maji ya chungwa moja na nusu limau pamoja na sukari vijiko viwili vya chakula mpaka yapungue nusu, naepua, kisha ndipo natia ganda, kwa kuwa harufu yake inapotea ikichemshwa. Siku nyingine nyunyiza sukari tu na ukamue limau juu ya pankeki ya moto. Anayetumia asali akumbuke kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi asali hata kidogo, na kwa watoto wadogo bluberi, zabibu na kila tunda la mviringo likatwe vipande vinne lisije likakwama kooni.

Kuna asubuhi niliyotaka kutengeneza mchuzi huo kwa balungi, nikijua mama mkwe anapenda uchungu wake. Mke wangu, aliyekuwa na mapumziko siku hiyo, aliuliza tu: “Mama anameza dawa ya kolesteroli, balungi umeuliza?” Sikuwa nimeuliza. Balungi huzuia kimeng’enya cha tumboni kinachovunja baadhi ya dawa, hivyo dawa nyingi zaidi huingia kwenye damu kuliko daktari alivyokusudia, na athari hiyo inaweza kudumu zaidi ya siku moja. Zimo baadhi ya dawa za kolesteroli kama simvastatini na baadhi za shinikizo la damu kama felodipini. Danzi, lile chungwa chungu, nalo linashukiwa kwa kosa hilo hilo. Machungwa matamu ya kawaida na malimau hayana shida hiyo. Unapompikia mtu aliye kwenye dawa, soma karatasi iliyomo kwenye boksi au muulize mfamasia kabla hujawasha jiko.

Zinazobaki zinakaa kwenye friji siku mbili, zaidi ya hapo matunda yanazilowesha. Kwenye friza ni miezi miwili bila wasiwasi, mradi uzigandishe kwanza zikiwa zimetandazwa kwenye sinia, ndipo uzitie kwenye mfuko. Zilizomwagiwa mchuzi usizihifadhi. Kuzipasha, kikaango kikavu na moto mdogo, dakika mbili kila upande, zikitokea kwenye friza moja kwa moja bila kuyeyushwa. Maikrowevu inazilainisha mpaka zinanyauka. Za ndizi na za tufaha zinarudi karibu kama mpya, za embe si mbaya, na za stroberi nimeacha kuzigandisha, tunazimaliza siku hiyo hiyo.